Injini Waliyosema Imekufa

"Mwambie mzee wako imekufa," alisema Rodney Stumpf, fundi mwenye duka la mashine za kukatia nyasi, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Injini imekwisha. Haina pumzi."

Ardis Brekke alimtazama Rodney, kisha akamtazama mumewe. Orrin alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kaunta, ameegemea gongo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulining'inia kando ya mwili kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Yupo hapa," alisema Ardis. "Mwambie mwenyewe."

Rodney alicheka kidogo, kama mtu aliyeombwa azungumze na kabati. Akapaza sauti. "Orrin! Trekta! Limekufa! Umesikia?"

Orrin hakuwa kiziwi. Kiharusi cha Novemba kilimchukulia mkono, sehemu ya mguu na karibu maneno yote, lakini masikio kilimwachia. Akili pia kilimwachia, ingawa katika mji mzima wa Tillman Falls ni Ardis peke yake aliyekuwa bado anaamini hivyo.

"Si," alisema Orrin. "Si... pumzi si..." Akaweka gongo begani, akapiga vidole viwili mara tatu, *tak, tak, tak*, huku akimkazia macho Rodney.

"Anataka nini?" Rodney alimuuliza Ardis.

"Anakuuliza kama ulitazama cheche."

"Cheche za nini, Ardis? Injini ikishakosa pumzi, cheche zitasaidia nini? Nimepima mgandamizo wa hewa ndani yake kwa geji. Inatakiwa kupita mia, hii haifiki hata sitini. Geji haisemi uongo."

"Tulikuambia inazimika ikipata moto. Dakika ishirini inakwenda vizuri, halafu kimya. Ikipoa inawaka. Sasa niambie, kitu kilichokufa kinafufukaje kila baada ya nusu saa?"

"Za zamani ndivyo zinavyokufa. Hii ni ya mwaka sabini na mbili!" Rodney akalainisha sauti. "Sikiliza. Niachie hapa, nitakuondolea huo mzigo. Pale nje nina mapya mazuri, hata mwanamke anaendesha bila shida. Mzee hahitaji tena mambo ya injini. Mnunulie redio."

Mtu huyu aliyekuwa anashauri habari za redio, nusu ya ufundi wake aliipata kwenye banda la Orrin. Kwa miaka thelathini na moja Orrin alikuwa fundi wa kiwanda cha maziwa cha ushirika, na kila mara injini ya kizamani ilipomshinda Rodney, alikuja nayo Jumamosi na boksi la donati, anamwita Orrin "mwalimu". Tangu Novemba hakuwahi kukanyaga pale nyumbani, si kwa injini wala kwa pole.

"Lipakie kwenye trela," alisema Ardis.

"Unalipeleka wapi?"

"Nyumbani. Na ukimaliza kupakia, usimpigie mume wangu kelele. Anasikia kuliko wewe."

* * *

Walipofika walimkuta Curtis Lunde uani, na keki aliyoioka mkewe mkononi. Curtis alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya kanisa, mtu mpole sana, wa aina ile inayokuumiza huku ikikuuliza kama umeketi vizuri.

"Anaendeleaje?" alimuuliza Ardis, Orrin akiwa anashuka garini mbele yao.

"Muulize."

Curtis akamgeukia Orrin, akatabasamu, akampiga bega, lile lililokufa ganzi, kisha akarudi kwa Ardis. "Vizuri, vizuri. Nimekuja kuhusu nyasi. Jumatatu ndiyo sikukuu ya kuwakumbuka askari wetu. Watu watakuja na maua, na bendera, wengine wanatoka mbali. Nilipita pale leo asubuhi, nyasi zimefika kwenye mawe ya watoto. Majina hayaonekani."

"Najua. Trekta lilinizimikia katikati. Nilirudi na mashine ya kusukuma kwa mkono, nikakata safu tatu."

"Hilo ndilo linalotuumiza, Ardis. Mwanamke wa miaka sitini na minne anasukuma mashine makaburini, na mzee wake anatazama kutoka garini. Watu wanaongea. Kamati imeonelea tuchukue kampuni ya mjini. Wanakuja Jumamosi, saa saba mchana."

"Kamati ilikaa lini?"

"Jana."

"Mimi ni mwanakamati, Curtis. Wa maua. Mbona sikuitwa?"

Curtis alibadilisha keki kutoka mkono huu kwenda mwingine. "Tulidhani ingekuwa vigumu kwako. Orrin amekata nyasi zile miaka ishirini na sita. Aachwe apumzike."

"Amepumzika tangu Novemba. Kupumzika ndiko kunakommaliza."

Hakumweleza lililobaki, kwa sababu Curtis angelipeleka kwa mkewe, na mkewe angelipeleka kwenye kahawa ya Jumapili baada ya ibada. Fedha ambayo kanisa liliwalipa kwa kukata nyasi, ndogo ilivyokuwa, Ardis alikuwa ameipangia kazi moja tu, nayo ni kumlipa mwalimu wa kusema, anayewafundisha waliopata kiharusi kuongea upya. Bima ilikuwa imemkatia Orrin masomo hayo mwezi wa nne. Barua ilisema mgonjwa "haonyeshi maendeleo ya kupimika". Orrin aliisoma barua ile mwenyewe, neno kwa neno, kisha akaikunja vizuri kwa mkono mmoja na kuirudisha kwenye bahasha. Aliyeiandika hakuwepo kuliona hilo.

"Tukimaliza kabla ya saa saba Jumamosi?" aliuliza Ardis.

"Kwa trekta gani?" alisema Curtis kwa upole, akaweka keki juu ya boneti ya gari na kuondoka.

* * *

Ijumaa asubuhi Ardis alipiga simu ya bima kukata rufaa. Alisikiliza muziki dakika arobaini. Alipopokelewa, dada wa upande wa pili alikuwa na sauti tamu.

"Kwa ajili ya faragha, mama, siwezi kuzungumza nawe kuhusu mgonjwa mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa. Atataja jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha atasema anakuruhusu."

"Hawezi kusema. Ndiyo maana napiga."

"Naelewa, mama. Lakini lazima aseme yeye mwenyewe."

"Dada, napiga kwa sababu mmemkatia masomo ya kusema. Angekuwa anasema ningekupigia ya nini?"

"Naelewa kabisa, mama. Yupo karibu?"

Ardis akaweka simu mezani na kufungua spika. Orrin akasogeza kiti. Alikuwa amevaa shati safi, kana kwamba anakwenda ofisini. Akashika ukingo wa meza.

"O," alisema. "O... Or..." Mshipa ukamtoka shingoni. "Jumanne. Si. Tisa. Or..."

"Samahani, sijakupata vizuri. Taja jina lako kamili, tafadhali."

"Or... Or..."

"Simu hii inarekodiwa, bwana. Jina lako kamili?"

Ndipo Orrin, shemasi wa zamani, mtu ambaye katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kutamka neno chafu hata alipojigonga nyundo kidoleni, alipotoa tusi zima, safi, lisilo na kigugumizi hata kidogo. Mwalimu wa kusema alikuwa amewaonya kwamba nyimbo na matusi hukaa pembe nyingine ya kichwa, na kiharusi mara nyingi huviruka.

"Mama," ilisema ile sauti tamu, "hatuvumilii lugha chafu kwa wafanyakazi wetu." Simu ikakatwa.

Ardis alibaki anaikodolea macho. Alitaka kuivunja, lakini hakuwa na nyingine. "Hilo umelitamka vizuri," alisema mwishowe.

Orrin hakucheka. Uso ulikuwa umemwiva. Kisha akainuka, akachukua gongo, akatoka kuelekea bandani bila kugeuka nyuma. Ardis akamfuata.

* * *

Trekta walikuwa wameliteremsha kwa mbao mbili, likasimama mbele ya mlango wa banda, dogo, rangi imepauka, kiti kimefungwa kwa utepe wa gundi. Orrin alikwenda kwanza kwenye rafu. Akatoa kitabu cha injini, kile chenye alama za vidole vyake vyeusi kila ukurasa, akakifungua juu ya boneti, akapekua kwa kidole gumba mpaka akapata alichokitaka. Akagonga aya moja.

Ardis akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Kitabu kilisema injini za aina hii zina kichuma ndani ambacho huachia pumzi kidogo wakati wa kuwasha, ili starta isielemewe. Kwa hiyo anayepima pumzi kwa kuzungusha starta atapata namba ndogo hata kama injini ni nzima kabisa.

Akaisoma tena.

"Kwa hiyo geji ya Rodney..."

"Ndiyo," alisema Orrin. Neno hilo alikuwa nalo.

"Hakujua, au alijua?"

Orrin alipandisha bega moja. Kwa jambo lile aliona majibu yote mawili yanatia aibu sawasawa.

Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaonyesha ufunguo. Ardis akawasha. Injini ikaitika mara moja, ikanguruma vizuri, ikamfanya mtu aone upuuzi wa lile neno "imekufa". Wakangoja. Ilipofika dakika ya kumi na nane ikakohoa mara mbili na kuzimika.

"Sasa!" alipiga kelele Orrin, gongo likigonga sakafu. "Sasa, sasa!"

Alitaka ishikwe papo hapo, ingali na moto, kabla ya ugonjwa kujificha. Ardis akang'oa waya wa plagi, akajiunguza vidole, akauchomeka kwenye plagi nyingine kuukuu, akailaza juu ya chuma cha injini na kuzungusha ufunguo. Starta ikazunguka. Plagi ikabaki baridi na nyeusi.

"Hakuna cheche."

"Ndiyo!" Uso wa Orrin uling'aa.

"Unafurahia nini?"

Alinyoosha kidole kwenye tangi la petroli, akakitikisa: si hili. Kwenye kabureta: si hii. Kifuani pake, akivuta pumzi: wala hiyo. Ardis akaelewa. Katika mambo mia yanayoweza kuzimisha injini, dakika moja ilikuwa imefuta zaidi ya nusu. Kilichokosekana ni cheche, na njia ya cheche ni fupi.

Walianza kuifuata. Orrin akaonyesha taa ya kupimia iliyotundikwa ukutani, na Ardis akaigusisha kwenye koili, kifaa kinachoupa umeme nguvu ya kuruka cheche, pale umeme wa betri unapoingilia. Ikawaka. Basi betri, ufunguo na waya wake havina kesi. Akafungua kifuniko cha platini, vichuma viwili vinavyokata na kuunganisha umeme, kwa bisbisi na kuzungusha injini kwa mkono huku Orrin ameinamia, pua karibu iguse chuma. Vile vichuma viwili vilifunguka na kufumba sawasawa. Orrin akampa kipimo chenye vibamba vyembamba, akamchagulia kibamba, na nafasi ikawa ileile ya kitabu.

Halafu akasema, "Kanisa."

"Kanisa?"

"Kanisa!" Akapiga gongo.

"Leo Ijumaa, Orrin."

"Ka-ni-sa! Kon... Kan... kanisa!" Tusi lilimtoka tena. Akainuka kwa hasira na kuondoka kuelekea nyumbani, mguu wa kulia ukikwaruza changarawe.

Ardis akakaa juu ya gurudumu. Vidole vilikuwa vinamuuma. Tangu Novemba alikuwa amewabishia watu wote, Rodney, Curtis, bima, hata binti yao Janelle, aliyekuwa akituma kila wiki picha za nyumba za kutunzia wazee. Sasa, kwa mara ya kwanza, akajiuliza kama labda ni yeye peke yake aliyekuwa haoni. Mtu anatengeneza injini, katikati ya kazi anataka kanisa.

Orrin alirudi. Mkono wake mmoja mzima ulikuwa na gongo, kwa hiyo alichokibeba alikuwa amekiuma kwa meno: mfuko wa njegere kutoka kwenye friza.

"Mungu wangu," alinong'ona Ardis. "Una njaa?"

Hakumjibu. Aliuangusha mfuko mapajani mwake na kuonyesha ufunguo. Ardis, kwa uchovu tu, akawasha. Wakangoja tena, injini ikapata moto tena, ikazimika. Orrin akashika njegere na kuzikandamiza juu ya koili. Koili tu, si pengine. Akamwonyesha Ardis saa ya mkononi. Dakika saba. Kisha ufunguo. Plagi ikabaki nyeusi.

Akauondoa mfuko na kuupeleka kwenye kikopo kidogo cha bati chini yake, kisichozidi kidole gumba, chenye waya mmoja, kitu ambacho Ardis alikuwa amekipita macho siku nzima. Dakika mbili. Ufunguo.

*Tak.* Cheche ya buluu ikaruka. *Tak, tak, tak.*

Ardis alipiga ukelele uliowarusha njiwa juu ya bati la banda.

"Tena," alisema Orrin.

"Si tumeona?"

"Tena!"

Hakuwa mtu wa kuhukumu kwa ushahidi wa mara moja. Wakaiwasha, wakaisubiri izimike, na safari hii njegere zikaenda moja kwa moja kwenye kile kikopo. Dakika mbili, cheche. Wakaondoa njegere, moto ukarudi, cheche ikapotea. Ardis alikuwa ameshaelewa kwa nini kilihitajika kitu cha barafu, na kwa nini koili ilitangulia: kifaa ambacho kikipozwa cheche inarudi ndicho kibovu. Alikuwa ameelewa pia kitu kingine.

Akachukua kitabu, akatafuta mchoro, akasoma jina la kile kikopo. "Kondensa."

"Kondensa," alisema Orrin, neno zima kabisa. Akajaribu kulirudia, likavunjika. "Kan... kanisa." Na hapo akaanza kucheka huku machozi yanatiririka upande mmoja wa uso, ule unaohisi, na Ardis akacheka naye, kisha hasira ikampanda mpaka akaacha kucheka. Kuna mtu mahali fulani, ana kiti na dawati, aliandika kwamba huyu hana maendeleo ya kupimika.

"Walikupima kwa nini?" alimuuliza. "Hebu niambie, walikupima kwa nini?"

Orrin alikuwa anaangalia saa. Duka la Rodney lilifungwa saa kumi na moja.

* * *

"Kondensa?" alisema Rodney. "Ya injini ile? Ardis, ile imekufa."

"Basi niuzie kondensa ya maiti."

"Sina. Ni za kizamani hizo. Naweza kuagiza, labda wiki ijayo."

Gongo la Orrin lilinyanyuka taratibu, likapita juu ya kaunta, likanyooka kuelekea ukutani nyuma ya Rodney, ambako vifaa vidogo vilitundikwa kwenye misumari. Safu ya tatu, wa pili kutoka mwisho.

Rodney hakugeuka. "Anataka nini tena?"

"Muulize."

"Ardis, mimi nafunga duka."

"Muulize!"

Wateja wawili waliokuwa wanachagua mafuta ya injini waliacha kuchagua. Rodney akameza mate. Ilionekana wazi kwamba kazi ile ilimwia ngumu kuliko kuinua injini nzima.

"Orrin," alisema, bila kupaza sauti. "Unataka nini?"

Orrin alijipa muda. Midomo ilijaribu, ikakataa, ikajaribu. "Ile," alisema. "Ile... yangu."

Rodney akageuka, akakitoa kifurushi msumarini. Kilikuwa na vumbi. Alikisoma mbele na nyuma kwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwepo.

"Sikujua kama imebaki," alisema.

"Na habari ya geji kupimwa kwa starta?" aliuliza Ardis. "Ukurasa wa kumi na nne. Hilo pia hukujua? Au kuna mtu amekwisha kuitaka injini yangu?"

Rodney alipokea dola kumi na moja na kufungua droo. Masikio yalikuwa mekundu. Ardis aliyachukua masikio hayo kuwa jibu, akaondoka na kondensa.

* * *

Kondensa mpya ilifungwa na Ardis, bisbisi ikielekezwa na kidole cha Orrin. Jumamosi jua lilipochomoza walikuwa makaburini. Orrin hakukaa garini. Alitembea mbele ya trekta na gongo lake, akiviondoa vikopo vya maua ya zamani na kuvirudisha trekta likishapita, safu baada ya safu, akianguka mara moja karibu na makaburi ya ukoo wa Lunde na kukataa kuinuliwa. Dakika ishirini zikapita. Arobaini. Saa nzima. Injini haikukohoa. Kwenye mawe ya watoto Ardis alishuka akapunguza kwa mkasi, mpaka majina yote yakasomeka.

Saa saba kasoro robo walizima wenyewe, kwa ufunguo.

Walikuwa bado wanakunywa kahawa ya chupa langoni wakati gari kubwa la kampuni lilipofika na wanaume wawili na mashine tatu. Wale wanaume walitazama nyasi, wakatazamana. Mmoja alitoa simu, akapiga picha makaburi kutoka pembe nne, akaagana nao kwa adabu. Wakaondoka.

"Anapiga picha ya nini?" alijiuliza Ardis. Lakini alikuwa amechoka mno kufikiri.

Jibu alilipata Jumapili. Ibada ilipokaribia mwisho, Curtis Lunde alisimama mbele kusoma matangazo. Kesho saa tatu kutakuwa na gwaride dogo na maombi makaburini. Watakaoleta viti walete. "Na tuwashukuru wale jamaa wa kampuni ya mjini," alisema, akitabasamu. "Walinitumia picha jana. Sijawahi kuona makaburi yetu yamependeza namna ile. Kamati imeamua wataendelea nasi mpaka majira ya baridi."

Watu wale si watu wa kusimama kanisani. Ukiwa na la kusema unalisema chini, kwenye ukumbi, kikombe mkononi, na kwa sauti ya kuomba radhi. Ardis Brekke, tangu abatizwe pale, hakuwahi kusimama ila kwa wimbo. Alisimama.

"Curtis," alisema, "zile nyasi hawakugusa hata unyasi mmoja."

Vichwa vikageuka.

"Walikuja tumemaliza. Walipiga picha kazi ya mume wangu wakakutumia, na wewe hukwenda hata kutazama. Ni kilomita mbili tu kutoka kwako. Miezi sita mnapita mbele ya Orrin mnaniuliza mimi anaendeleaje. Mnampigia kelele kama kiziwi. Mnakaa kikao bila sisi halafu mnatuletea keki. Fundi alisema injini imekufa, akaombwa atazame cheche, akakataa. Orrin aliitazama. Hana mkono, hana maneno, alitumia mfuko wa njegere, akaugundua ugonjwa wa injini uliomshinda mtu mwenye duka. Ninyi mmekwisha kumzika. Tena mnataka kampuni ya mjini imkatie nyasi."

Curtis aliikunja karatasi ya matangazo mara nne. "Sikujua," alisema. "Ardis, kweli, sikujua. Tutalizungumza Jumanne, kwenye kikao."

"Nitakuwepo. Naye atakuwepo. Mtamsubiri aseme."

Kando yake Orrin alikuwa anajivuta kwenye mgongo wa kiti cha mbele ili naye asimame. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Wengine waliangalia vitabu vya nyimbo. Ilikuwa aibu ambayo mji ule ungeweza kuitunza mwaka mzima, kama si Borghild Moen wa benchi la pili, bibi wa miaka themanini na moja aliyekuwa bado anakata nyasi zake mwenyewe na kuwasengenya wasiokata zao. Aligeuka pale alipoketi, akaweka kiwiko juu ya mgongo wa benchi.

"Orrin," alisema. Si kwa kelele. "Mashine yangu nayo inazimika. Rodney anasema ninunue nyingine. Wewe unasemaje?"

Orrin alikuwa amesimama. Alimtazama Borghild, na Ardis aliona lile neno linatafuta njia kifuani mwake, linapanda, linakwama, linapanda tena. Alijizuia kumsaidia. Kuzuia huko kulimuuma.

"Ikizima," alisema Orrin. Akapumzika. "Ikizima... cheche... ipo?"

"Sijui," alisema Borghild. "Natazamaje?"

Orrin akaanza kumweleza. Alisema plagi, akakosa neno la waya, akauchora hewani kwa kidole, akalikosa tena neno jingine na kurudi nyuma kulitafuta. Ilichukua muda mrefu sana. Kahawa ilikuwa inapoa chini ukumbini, na kanisa zima likakaa likimsubiri mpaka alipomaliza.